Sauti ya Nne Katika Basi la Orvieto

Jambo la kwanza lililomkera Astère siku ile ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kumwambia walikuwa watu wangapi.

Aliuliza mara tatu. "Tulijaza basi," alisema mmoja. "Tulikuwa wengi kiasi," alisema mwingine. Wa tatu aliinama kufunga kamba za viatu vyake, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Astère alikuwa afisa wa polisi ya upelelezi Gitega kwa miaka kumi na mmoja, kabla vita havijamtupa Johannesburg kulinda magari ya watu wengine. Warundi na Wakongo wa mji huu bado walimwita Opeji, kama walivyowaita maofisa wa aina yake kule kwao, na walimletea mambo ambayo hawakuthubutu kuyapeleka kituoni. Kwa uzoefu wake, mashahidi wanaokwepa wote swali moja dogo wana jambo wanalolificha.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwisho wa Agosti 2012. Kwaya ya Mizeituni ilikuwa imekusanyika Jeppestown, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu, katika karakana ya ushonaji ya mwalimu wao François. Vyerehani vilikuwa vimesukumwa ukutani na viti kupangwa katikati. Hawakuwa wameimba pamoja tangu warudi kutoka Italia wiki sita zilizopita, na walikaa wakitazamana kama wageni kwenye msiba wa mtu wasiyemjua vizuri.

Safari yenyewe ilikuwa ya ajabu, na kila mtu alikubali hivyo. Wakimbizi wa Jeppestown, wasusi na walinzi na mafundi cherehani, wamealikwa kuimba kwenye tamasha huko Perugia, mji wa kale uliokaa juu ya kilima na kuta zake za mawe. Siku ambazo hawakuimba walipelekwa ziara za siku moja, asubuhi kwenda jioni kurudi, na mama mmoja mwongozaji aitwaye Ornella. Walikwenda Assisi. Walikwenda Gubbio. Siku ya tatu walikwenda Orvieto, na kesho yake asubuhi Elisée Mwenebatu hakuonekana.

Elisée alikuwa mlinzi wa duka, mwenyeji wa Uvira, na sauti nzito kuliko zote katika kwaya. Watu walisema amezamia Ulaya. Walisema kwa kusikitika, walisema kwa wivu, na wengine walisema mbele ya mkewe.

Mkewe Joséline alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kiti. Alikuwa Mrundi, msusi, mama wa watoto wawili. Alhamisi alikuja kwa Astère akiwa na koti la mumewe mkononi, akasema maneno machache.

"Opeji, sikuombi umrudishe. Nataka kujua kitu kimoja tu, kama ameniacha. Kaka yangu Marcellin yuko njiani kutoka Bujumbura, Jumamosi atafika kutuchukua. Kama Elisée ameniacha, naenda na watoto wangu nyumbani. Kama hajaniacha, sitoki hapa."

Kwa hiyo zilikuwa zimebaki siku sita.

Astère alianza na Alain, kwa sababu Alain alilala chumba kimoja na Elisée kule Perugia. Alikuwa kijana wa Bukavu, fundi wa simu Newtown, mwenye nywele zilizochongwa vizuri na macho yasiyotulia.

"Usiku ule Elisée hakurudi chumbani?"

"Hakurudi, Opeji."

"Na wewe ukalala."

"Nililala."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Mpaka asubuhi."

"Kwa nini?"

Alain alitazama sakafu. "Juu nilifikiri ameenda. Eko na binamu yake Brescia, kulekule Italia. Nikasema, donc, nimpe masaa mbele banaanza kumtafuta. Nikamwombea, vrai."

"Ulimfungulia njia."

"Nilimfungulia. Weye ungefanya nini?"

Astère alitoa kwenye mfuko wa plastiki lile koti, zito, la baridi ya Johannesburg, na kutoka mfuko wa kifua wa koti hilo akatoa simu.

"Koti hili dereva alilikuta kwenye kiti chake cha nyuma, watu walipokwisha kushuka Perugia. Simu ilikuwa ndani. Namba ya huyo binamu imo humu na haimo mahali pengine popote. Mtu anazamia nchi asiyoijua, anamwacha nyuma mtu pekee anayemjua huko?"

"Labda aliishika kichwani."

"Elisée hajui hata namba yake mwenyewe," alisema Joséline kutoka mlangoni. "Akiulizwa, ananipigia mimi nimtajie."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakaona aibu. Astère alingoja kicheko kiishe. "Ijumaa nilimpigia binamu. Amekasirika. Anasema Elisée alikaa Italia siku zote zile bila hata kumsalimia. Mtu anayemficha mgeni hakasiriki namna ile."

Basi Brescia ikafutwa. Ilikuwa ndiyo habari iliyowashibisha watu wiki sita nzima, na Astère aliona jinsi nyuso zilivyobaki wazi ilipoondolewa.

"Nionyeshe picha za siku ile," alimwambia Alain.

Alain alikuwa na kompyuta. Picha za kwanza zilikuwa za kanisa kubwa lenye uso uliopakwa dhahabu, na wanakwaya wamesimama mbele yake na vitenge vyao vya kijani, vidogo kabisa. Astère alipitisha haraka. Halafu akafika kwenye kisima, na mkono wake ukasimama.

Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Lilikuwa shimo la duara lililoshuka ndani ya mwamba zaidi ya mita hamsini, pana kuliko karakana waliyokaa, na ukuta wake wote ulikuwa na madirisha, duru chini ya duru, mpaka macho yalipochoka. Nyuma ya madirisha kulikuwa na ngazi. Chini kabisa kuliwaka maji madogo ya kijani, na juu ya maji daraja jembamba.

"Ngazi ni mbili," Alain alieleza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zinazungukana, lakini hazikutani. Anayeshuka anashuka na yake, anapita darajani, anapanda na ingine. Punda waliteka maji vile, zamani, hawakugongana. Vidato mia mbili arobaini na nane, mama Ornella alituambia. Na alisema papa mmoja ndiye aliamuru lichimbwe. Vita vilimfukuza Roma, akakimbilia Orvieto, akaogopa mji usije ukazingirwa bila maji."

"Papa alikuwa mkimbizi?"

"Mkimbizi kama sisi. Tulinyamaza wote, Opeji. Hata wale wa kelele."

Astère alikaa na picha ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alifikiri juu ya mtu aliyefukuzwa kwake, aliyefika ugenini akaanza kuchimba kitu cha namna ile. Kisha akarudi kwenye kazi. Picha ya mwisho ya Elisée ilikuwa palepale darajani, bila koti, shati limelowa jasho, ameinua uso juu kuelekea kwenye duara la mbingu, na mdomo wake u wazi.

"Anafanya nini hapa?"

"Anaimba. Alisema anataka kusikia kisima kinamjibu nini. Sisi tukapanda, tukamwacha anaimba. Tulimsikia mpaka juu."

"Basi lilikuwa wapi?"

"Hapo karibu tu. Kisima ndicho kilikuwa cha mwisho, tukitoka tunapanda basi."

Astère alimgeukia François. Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee wa miaka sitini, Mvira kama Elisée, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata Jumapili. Wote walimwita Maître. Ndiye aliyekusanya hati zao zote za kusafiria akazifunga kwenye mkoba wake, kwa sababu alikuwa ameahidi ubalozi kwamba atawarudisha.

"Maître, watu wako wanatawanyika mji mzima. Wakirudi kwenye basi, unajuaje kwamba wametimia?"

"Najua."

"Unajuaje?"

François alivuta utepe upande mmoja, akauvuta upande wa pili. "Mama Ornella alikuwa na kale kamashine ka kidole. Tik, tik, tik, mtu na mtu. Siku ya kwanza nilikafunika na mkono. Nikamwambia, madame, watu hawahesabiwi. Ukihesabu watu unamwonyesha Kifo ni wangapi, naye anaomba wake. Alinicheka, lakini alikaweka mfukoni. Akasema kundi ni lako."

Hapo Astère akaelewa ni kwa nini hakupewa idadi. Hata bibi yake mwenyewe, aliyezaa watoto wengi, alipoulizwa ni wangapi alijibu kwamba wapo. Hata yeye kule Gitega, mbele ya wakubwa waliotaka tarakimu, aliwaita wafungwa kwa majina mmoja mmoja na kuacha karani ajaze mwenyewe. Hawa hawakuwa wanaficha kitu. Walikuwa wanalindana, na yeye alikuwa amewatilia shaka kwa jambo alilonyonya kwa mama yake.

"Basi kama hukuhesabu, ulifanya nini?"

"Nilisikiliza," alisema François.

Aliinuka, akamvuta Astère mpaka dirishani, mbali na wenzake, akazungumza kwa sauti ya chini. Kabla basi halijaondoka, alisema, aliwapa noti ya kuanzia na wote waliimba mstari mmoja wa sala ya safari. Yeye alikaa mbele karibu na dereva, amefumba macho. Alizijua sauti zao zote kama anavyojua vipimo vya mabega yao. Ikikosekana moja, haondoki. Kule Assisi alimkosa msichana mmoja wa sauti ya kwanza, akazuia basi, na kweli, alikutwa anapigwa picha na masista.

"Na wao wanajua kwamba ndivyo unavyowakagua?"

"Nani angewaambia? Wanajua ni sala tu. Kuwaambia ni sawa na kuwahesabu."

"Na Orvieto?"

"Orvieto zilitimia." Macho ya mzee yalilowa. "Elisée anashika sauti ya nne chini kabisa. Wanaume wengine wanaishia juu yake, hawafiki pale. Nilimsikia, Opeji. Asubuhi ile mama Ornella alitaka kupiga simu Orvieto, awaulize watu wa kule. Nilimkataza. Nikamwambia asisumbue watu bure, Elisée alipanda basi, kama amepotea amepotelea hapa Perugia. Ndipo wakamtafuta Perugia siku mbili, hawakumwona, wakamwandika kwamba amekimbia."

Astère alirudi kwa Alain. "Mlipoimba sala ya safari, ulirekodi?"

"Kila siku. Ilikuwa nzuri."

Alicheza ya Assisi, kisha ya Orvieto. Astère si mtu wa muziki, lakini hata yeye aliisikia ile sauti ya chini katika zote mbili, ikipita chini ya nyingine kama maji chini ya daraja. Katika ya Orvieto, sauti ya mwanamke wa Kitaliano ilisikika mwishoni ikisema kwenye kipaza sauti kwamba sasa wanaiaga Orvieto. Rekodi haikuwa ya siku nyingine. François alifunga mikono kifuani. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa na haki.

"Rudia," alisema Astère.

Alain alirudia ya Assisi, akarudia ya Orvieto.

"Tena, na ya Gubbio pia. Mwanzo tu."

Safari hii Astère hakusikiliza sauti, alisikiliza muda. Kule Assisi sauti zote ziliingia, kisha, baada ya pumzi moja, ile ya chini ikafuata. Gubbio, vilevile, pumzi moja nyuma. Orvieto, sauti ile iliingia pamoja na wenzake, sawasawa.

"Maître. Elisée huwa anachelewa?"

"Eish," alisema Alain, na kicheko kikapita kwenye viti. "Ile ni ugonjwa wake. Anaanza wakati sisi tumeshafika kwenye robot ya pili, taa za barabarani kule mbele."

François hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye kompyuta. "Cheza," alisema. Kisha, taratibu sana, "Miaka tisa namfundisha. Hajaingia kwa wakati hata siku moja."

Chini, barabarani, mtu aliburuta kitu cha chuma, akapita.

"Kaeni kama mlivyokaa kwenye basi," alisema Astère.

Viti vilisogezwa viwili viwili, na njia katikati. Kile cha nyuma kabisa, ambacho Elisée alikikalia peke yake kwa sababu ya urefu wa miguu yake, kiliachwa kitupu. François alisimama mbele, akawapa mgongo, akatazama dirisha. Astère alimwambia atoe noti na kufanya kila kitu kama alivyofanya siku ile. Watu walipangusa makoo. Wiki sita ni muda mrefu kwa kwaya.

Mzee alivuma noti. Wakaimba.

Mstari ulikuwa mfupi, wa maneno sita au saba, kumwomba Mungu atangulie njiani. Sauti za kwanza zilipanda zikigusa dari la bati, za pili zikazikumbatia, za wanaume zikafuata. Na chini yake, pale palipotakiwa kuwa na shimo, ikaja. Astère aliihisi kwenye mbao za sakafu kabla hajaisikia. Ilikuwa nzito na laini na kubwa kuliko chumba, na mikasi iliyokuwa juu ya meza ya kukatia ilianza kutetemeka. Katika maisha yake alikuwa ameona maiti na ameona watu wakikiri, lakini hakuwa ameona jambo kama hili, mtu asiyekuwepo anaimba mchana kweupe.

"Elisée," alisema François, akageuka.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Joséline alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Msiache," alisema Astère. "Rudieni, msiache."

Waliimba tena, wengine kwa hofu sasa. Yeye alitembea katikati ya viti kuanzia nyuma. Nyuma sauti ilikuwa hafifu, katikati ilijaa. Alipofika safu ya pili kutoka mbele alisimama, kwa sababu kifua chake mwenyewe kilikuwa kinatetemeka. Pale alikaa mama mfupi mwenye miwani, mkoba umelala mapajani, mdomo wake umefunguka kidogo tu.

"Maman Thérèse," alisema.

Sauti ilikatika. Kwaya nzima ilisikia kilichoondoka, na hakuna aliyeendelea.

Thérèse alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane kutoka Kalemie, mwimbaji wa sauti ya pili tangu kwaya ianzishwe, mtu wa kuleta chai na kuondoka na vikombe. Aliinuka akawatazama wote kwa aibu kama aliyekutwa na kitu cha mtu.

"Samahani, Maître. Nilisikia shimo."

"Shimo gani, Maman?" aliuliza Astère, taratibu.

"Ya sauti ya nne. Mimi nilizaliwa na koo hili. Kwetu, nikiwa binti, walinicheka, walisema ni koo la mwanaume, hutaolewa. Nikaificha chini ya sauti ya pili mpaka leo, na hiyo ya pili naiimba ndogo tu, hata nikiiacha hakuna anayesikia. Lakini kwaya ikitoboka pale chini, siwezi kukaa tu nikaangalia. Naziba. Nimefanya hivi miaka thelathini, hakuna anayejua."

"Hata mimi," alisema François. Alikuwa anamtazama mwanamke yule kana kwamba ameingia mlangoni sasa hivi. "Miaka tisa, hata mimi."

"Siku ya Orvieto uliziba?" aliuliza Astère.

"Niliziba. Papa Elisée alikuwa anakohoa tangu Gubbio, nikajua koo limemfunga. Yeye anakaa nyuma kule, mimi mbele, sikugeuka. Nilisema nimsaidie leo, kesho atanisaidia." Aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani nimefanya nini?"

Mambo mengine mpelelezi hana haki ya kuyasema. Astère alirudi nyuma hatua moja, akamwachia François.

"Nilikuwa nawahesabu, Maman," alisema mzee. Ilimchukua muda kulitoa lile neno mbele ya watu. "Sala ile. Nilikuwa nawahesabu kwa masikio."

Thérèse alikaa. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba, akaufunga mkoba. Kisha akaufunika uso wake kwa kitenge. Waliokuwa karibu walimshika mabega, na hakuna aliyemnyooshea kidole, maana hapakuwa na wa kunyooshewa. Mmoja alinyamaza kwa kumtakia mwenzake heri. Mmoja alikataa kuhesabu watu ili wasife. Mmoja aliziba shimo ili wimbo usiharibike. Astère alikuwa ametafuta uongo tangu Alhamisi, na sasa alisimama katikati ya karakana akiwa na wema mtupu mikononi, na ulikuwa umefanya kazi ya uhalifu.

Joséline aliingia ndani kwa mara ya kwanza.

"Basi hakupanda basi," alisema.

"Hakupanda, shemeji. Koti aliliacha kitini asubuhi kwa sababu ya joto. Wote walipanda kwa ngazi ya kutokea, yeye akabaki chini anaimba. Baada ya wao kutoka, jambo likampata. Kama lilimpata kwenye ngazi ile ya kupandia, hata wageni waliokuwa wanashuka wasingemwona mpaka nao waanze kupanda, kwa sababu ngazi hazikutani. Na alitafutwa mji mwingine."

"Wiki sita."

"Wiki sita. Hana simu, hana hati, na huko hakuna aliyeambiwa amtafute."

Hakusema kama yu hai. Hakujua, na Joséline hakuuliza. Walimpigia Ornella palepale, kwa simu ya Alain, kila mtu akisikia. Mama yule alizungumza Kifaransa cha haraka, na alipoelewa alisema kwamba siku ile kidole chake kilikuwa kinamwasha mfukoni, juu ya ile mashine ya kuhesabia. Alisema kesho hana wageni, ataendesha gari mwenyewe mpaka Orvieto, na kama si Orvieto atakwenda popote atakapoelekezwa.

Jumatatu Astère alikuwa kazini, Newtown, kwenye kibanda cha ghorofa ya chini ya jengo la kuegeshea magari. Joséline alikuja saa nane akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Hakusuka mtu siku ile. Marcellin alikuwa amempigia asubuhi kwamba ameshavuka Lusaka, aanze kufunga mizigo, naye alimjibu sawa, maana hakujua bado kama ni mke au mjane. Astère alifungua na kufunga kizuizi cha magari, akachukua tiketi, akatoa tiketi.

Simu ililia saa kumi kasoro.

"Nimemwona," alisema Ornella.

Astère aliweka simu juu ya meza katikati yao, sauti wazi.

Ornella alisema kwa mpangilio, kama mtu aliyejifunza kusimulia mambo makubwa kwa wageni. Mlinzi wa kisima alifanya mzunguko wake jioni ile kabla ya kufunga. Alimkuta mtu ameanguka kwenye ngazi ya kupandia, karibu na dirisha la tatu au la nne kutoka chini. Wanaume wanne walimbeba kumpandisha, ngazi zote zile. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia haukusogea na hakuweza kusema. Alilazwa Orvieto, kisha akahamishiwa hospitali ya mji wa jirani. Hakuwa na karatasi hata moja, na hakuna aliyekuja kumwulizia.

"Anaishi?" aliuliza Joséline.

"Anaishi, madame. Nimekaa naye. Jana alisimama akiwa ameshikiliwa, hatua mbili. Nimemwambia kwamba nimezungumza na Johannesburg, akashika mkono wangu hivi, hajauachia mpaka sasa. Napiga simu kwa mkono wa kushoto."

Gari lilipiga honi kwenye kizuizi. Astère hakulisikia, au alilisikia akaliacha lipige. Mtu amelala kilomita maelfu kutoka hapa, katika nchi ambayo hakuna anayeijua lugha yake, na ameshika mkono, na mkono ule umefika mpaka kwenye kibanda hiki cha Newtown. Alitazama simu juu ya meza kwa heshima, kama kitu cha kanisani.

"Kuna jambo moja," Ornella alisema. "Wauguzi wanauliza. Kwenye kadi ya kitandani wameandika Patrizio, kwa sababu kile kisima kinaitwa cha Mtakatifu Patrizio, na walihitaji neno la kumwitia. Wamemwita hivyo wiki sita. Wanataka kujua waandike nani."

Joséline aliinua simu akaishika kwa mikono miwili, karibu na mdomo.

"Lifuteni hilo. Andikeni Elisée Mwenebatu," alisema. "Chini yake andikeni ana mke, Joséline, na anwani ni Johannesburg, Jeppestown. Andikeni kwa wino. Hiyo anwani haibadiliki."